Gunia Moja, Majibu Mawili: Maswali Yenu Kuhusu Vipimo vya Chakula

Barua tano tulizozichagua mwezi huu zimetoka Kibaigwa, Tanga, Muscat, Unguja na Mbeya. Kila mwandishi anazungumzia chakula chake, lakini karibu wote wanakitilia shaka kitu kimoja, nacho ni kipimo. Kwa kuwa niliishi kwa kazi ya kupima chakula na kuandika vyeti kabla ya kukabidhiwa ukurasa huu, nimejibu kwa urefu pale nilipoona kosa linalojirudia, na kwa ufupi pale ambapo jibu lenyewe ni fupi. Majina ya waandishi hayakuchapishwa, maana mmoja wao mzigo wake bado uko mpakani.

*Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi katika soko la Kibaigwa. Nilipeleka maabara kilo moja ya mahindi yangu, nikapewa cheti kinachosema sumukuvu ni mikrogramu 4 kwa kilo. Nikapakia magunia 300, nikaelekea Namanga ili nikauze Kenya. Mpakani wakapima upya wakapata 38, na mzigo ukazuiwa. Mahindi ni yaleyale, na kati ya kipimo cha kwanza na cha pili hazikupita siku kumi. Je, aliyenidanganya ni wa kwanza au wa pili?*
Mfanyabiashara, Kibaigwa

Pole sana, ndugu yangu, kwa hasara hiyo. Kabla hujamshtaki mtu, fahamu kwamba inawezekana kabisa majibu yote mawili ni ya kweli. Hakuna maabara iliyopima magunia yako 300. Kila moja ilipima kile kilichofikishwa mezani pake, na vilivyofikishwa mezani havikuwa kitu kimoja.

Sumukuvu tunayoizungumzia hapa, yaani aflatoksini, haienei katika mahindi kama chumvi inavyokolea katika mchuzi. Hutengenezwa na kuvu, hasa ile ambayo wataalamu huiita Aspergillus flavus, nayo huvamia punje iliyotobolewa na mdudu, iliyopasuka wakati wa kupura au iliyodhoofishwa na ukame ingali shambani, huku punje za jirani katika gunzi lilelile zikibaki salama. Punje moja iliyovamiwa inaweza kubeba sumu ya kutisha. Tufanye hesabu pamoja. Punje ya mahindi ina uzito wa gramu 0.3 hivi. Ikiwa kiwango cha sumu ndani yake ni mikrogramu 100,000 kwa kilo, na punje za namna hiyo zipo, basi punje hiyo peke yake imebeba mikrogramu 30. Iangukie katika kilo moja ya mahindi safi kabisa, yenye punje zaidi ya 3,000, na kilo nzima itasoma 30, yaani mara tatu ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambacho ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu zote zikijumlishwa na 5 kwa ile ya B1 iliyo kali kuliko nyingine. Isipoangukia humo, kilo hiyohiyo itasoma sifuri. Lori lako la tani 30 lilibeba punje zinazokaribia milioni 100. Sasa jiulize ile kilo moja ya kwanza uliichota wapi.

Hukutuambia katika barua, lakini nadhani ilitoka katika gunia moja, na pengine ni gunia lililokuwa karibu na mkono. Tumezoea sokoni kuchoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje, katika magunia matatu au manne ya pembeni, tukatazama rangi, tukang'ata punje kujua kama imekauka, biashara ikaisha. Desturi hiyo inatosha kumjua muuza mahindi mabichi, lakini haitoshi kabisa kwa sumu isiyoonekana, isiyonuka na isiyobadilisha ladha. Kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu shehena ya nafaka inayofika tani 50 hudai michoto 100 kutoka pande zote za shehena, ikusanywe mpaka ipatikane sampuli ya kilo 10, na kilo hizo zote zisagwe na kuchanganywa kabla ya kuchukuliwa kile kiasi kidogo kinachoingia katika chupa ya maabara. Neno la kushika hapo ni kusaga kabla ya kupunguza. Ukipunguza punje nzima kwa kiganja, umecheza bahati nasibu.

Nikiwa kijana maabara niliwahi kupitisha lori zima kwa sampuli iliyochotwa mlangoni mwa nyuma. Mwenye mzigo alijua kwamba tungechota pale, kwa sababu ndipo tulipochota siku zote, na magunia ya mlangoni alikuwa ameyachambua kwa mkono. Tuligundua pale tu mnunuzi aliporudisha mahindi. Mashine yetu haikukosea hata kidogo siku ile. Tangu hapo sikuandika tena kwamba "mahindi haya ni salama", bali "sampuli iliyoletwa ina kiwango hiki", na ukikitazama vizuri cheti chako cha kwanza huenda ukayakuta maneno kama hayo chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Tofauti ya njia za kupima ipo pia. Maabara moja inaweza kutumia kijiti cha haraka kinachobadilika rangi, nyingine ikatumia mtambo wa kromatografia unaozitenganisha sumu moja baada ya nyingine, na majibu yakapishana kidogo. Hata hivyo, kupishana kwa 4 na 38 hakuelezeki kwa njia peke yake. Kinachoweza kuongeza sumu yenyewe njiani ni unyevu: mahindi yaliyopakiwa yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5, chini ya turubai linalovuja, katika joto, huipa kuvu nafasi ya kufanya kazi yake hata kwa siku chache. Angalia kama kuna magunia yaliyoloa au yaliyopata joto katikati ya shehena.

Wafanyabiashara wengi huamini kwamba mambo haya ya mpakani ni vita vya biashara vilivyovikwa koti jeupe la maabara. Siwalaumu, hasa nikikumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa barua moja, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo la kila shehena kuambatana na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi 10. Namna zuio lile lilivyotangazwa ghafla, huku malori yakiwa barabarani, haikuwa ya kistaarabu. Lakini sumu ni ya kweli. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa miongoni mwake, waliugua watu 317 na wakafariki 125 kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 zamu ikawa yetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako kati ya wagonjwa 68 walifariki 20. Ndugu yangu wa Kibaigwa, hao walikuwa majirani zako. Na hao ni wale tu walioanguka ghafla; anayekula kidogo kidogo kwa miaka huharibika ini polepole, na hatari ya saratani huzidi sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Unachoweza kufanya sasa ni kuomba kwa maandishi kwamba shehena ichukuliwe sampuli upya mbele yako, kutoka katika magunia mengi, na sampuli hiyo ikishasagwa igawanywe mara tatu: moja ya mamlaka, moja yako, na moja ifungwe kwa lakiri ikisubiri mgogoro. Ikithibitika kwamba mahindi yamezidi kiwango, usikubali ushauri wa kuyachanganya na mengine safi ili wastani ushuke. Ushauri huo nimeusikia kwa watu wenye heshima zao. Kuchanganya hakuondoi hata punje moja yenye sumu, kunamgawia tu kila mlaji sehemu yake. Kuchambua punje mbovu, kupepeta na kukoboa hupunguza kweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini, ila tahadhari kwamba ile iliyotoka katika sembe imehamia katika pumba, na pumba huliwa na ng'ombe.

*Shikamoo mjibu maswali. Nasimamia kituo cha kukusanyia maziwa hapa Tanga. Kila asubuhi napima maziwa ya kila mfugaji kwa laktomita, na nayapima kwa kileo. Mwezi uliopita kiwanda kilikataa tangi langu mara mbili: mara ya kwanza wakasema maziwa yana maji, mara ya pili wakasema yana dawa. Siku zote mbili laktomita yangu ilisoma vizuri. Je, nimeuziwa laktomita mbovu?*
Msimamizi wa kituo, Tanga

Marahaba. Laktomita yako huenda haina kasoro yoyote. Imejibu swali ambalo wewe hukukusudia kuliuliza. Chombo hicho hupima uzito wa maziwa ukilinganishwa na wa maji, na maziwa halisi ya ng'ombe yanapaswa kusoma kati ya 1.026 na 1.032 yakiwa katika joto la nyuzi 20. Ukiongeza maji, kipimo hushuka. Ukiengua malai, kipimo hupanda, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Sasa mchukue mfugaji aliyeengua malai usiku akayauza, kisha asubuhi akajazia maji kwa kadiri ileile. Vipimo viwili vimefutana, na laktomita inaelea mahali pake kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengine huongeza sukari au chumvi kidogo ili kurudisha uzito uliopotea. Na ukipima maziwa yakiwa bado yana joto la kiwele, bila kusubiri yapoe na povu litulie, unaweza hata kumwonea mfugaji mwaminifu.

Kiwandani hawategemei uzito. Hupima mafuta peke yake, na hupima nyuzi ambazo maziwa huanza kuganda kuwa barafu. Maziwa halisi huganda karibu na nyuzi 0.53 chini ya sifuri, na kila tone la maji huivuta namba hiyo kuelekea sifuri. Kipimo hicho nacho hudanganywa kwa chumvi au sukari, lakini ni vigumu kuidanganya laktomita, kipimo cha mafuta na kipimo cha kuganda kwa wakati mmoja. Ukivuta huku, kule panafunguka. Ndiyo sababu nakushauri kwamba, kama uwezo wa kituo ni wa kununua kifaa kimoja tu zaidi, kiwe cha kupima mafuta.

Hilo la dawa ni jambo jingine kabisa. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibayotiki hutoa maziwa yenye mabaki ya dawa kwa siku kadhaa, ambazo kila dawa huzitaja katika karatasi yake. Maziwa hayo yana uzito sahihi, mafuta sahihi na ladha sahihi. Laktomita haina habari nayo, wala kileo, ambacho kazi yake ni kufichua maziwa yaliyoanza kuchachuka na yale yasiyohimili moto. Vipo vijiti vya haraka vya kufichua mabaki hayo, na mahali visipopatikana, daftari la matibabu la kila mfugaji hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyolidhania. Kiwanda hakikuwa kinakuonea: mabaki hayo huua vijidudu vinavyogandisha mtindi, tangi zima likabaki maji meupe yasiyoshika.

Kisa kikubwa kabisa cha kipimo kujibu swali lisilokusudiwa kilitokea China, na kilifichuka Septemba 2008. Wanunuzi walipima protini ili kuwanasa waliotia maji katika maziwa, na njia yao ilikuwa ile iliyobuniwa na Johan Kjeldahl katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1883. Njia hiyo haioni protini hata kidogo. Huhesabu naitrojeni, kisha mpimaji huzidisha kwa namba maalumu akidhani kwamba naitrojeni yote imetoka katika protini. Walaghai wakatia melamini, kemikali ya kutengenezea sahani na mbao za plastiki, ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni, hivyo gramu 1 yake ilisomeka kama zaidi ya gramu 4 za protini ya maziwa. Mashine iliridhika. Watoto wachanga wapatao 300,000 waliugua, wengi wao kwa mawe katika figo, na kwa hesabu rasmi sita walifariki. Mwaka mmoja kabla yake, 2007, melamini hiyohiyo ilikuwa imeonekana Marekani katika chakula cha mbwa na paka kilichotengenezwa kwa ngano kutoka China. Onyo lilikuwepo, ila aliyepima maziwa hakuwa na sababu ya kutafuta sahani ndani ya kikombe.

*Assalaam alaykum. Ndugu zangu huniletea asali kutoka Tabora kila wanapokuja huku Muscat. Safari hii nimeletewa chupa mbili. Moja ni nzito na imeganda kama samli. Ya pili ni nyepesi na ina uchachu. Jirani ameijaribu kwa njiti ya kiberiti na kwa kuidondosha katika glasi ya maji, akasema zote mbili zimechakachuliwa. Nifanyeje nijue ukweli?*
Msomaji, Muscat

Waalaykum salaam. Mwambie jirani akuachie asali yako. Asali kuganda si dalili ya sukari ya dukani, bali hutokana na wingi wa glukosi ukilinganishwa na fruktosi, sukari mbili za asili zilizomo katika asali, na hutegemea maua waliyoyaendea nyuki. Iweke chupa katika maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Hiyo nyepesi yenye uchachu yaelekea ni asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambayo kwa maumbile yake ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa. Ikidondoshwa katika glasi hutawanyika upesi, na njiti iliyochovywa humo haiwaki. Tazama ubaya wa kipimo cha kienyeji: kinaikataa asali halali ambayo huko Tabora watu huitafuta kama dawa, halafu kinaipitisha shira nzito iliyochemshwa jikoni na mtu anayejua kazi yake. Njiti ya kiberiti hupima maji, glasi hupima uzito. Hakuna kati ya hizo inayouliza kama nyuki alihusika.

Swali hilo huulizwa kwa njia ninayoipenda kuliko nyingine zote katika kazi yetu. Miwa na mahindi hunyonya hewa kwa namna tofauti na miti mingi ya msituni ambayo nyuki huiendea, na tofauti hiyo hubaki katika kaboni ya sukari yake, ambayo ina chembe nzito na chembe nyepesi kwa uwiano usiofanana. Hakuna kuchemsha wala kuchuja kunakoweza kuifuta alama hiyo. Maabara hutenga protini iliyomo katika asali, ambayo imetoka kwa nyuki na chavua, ikalinganisha kaboni yake na ile ya sukari. Zikipishana mno, sukari imetoka kiwandani. Walaghai nao hawakulala. Walihamia katika shira ya mchele na ya kiazisukari, mimea ambayo kaboni yake inafanana na ya maua, nao wapimaji wakalazimika kutafuta njia nyingine. Umoja wa Ulaya ulipochunguza shehena 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje, katika uchunguzi uliotolewa Machi 2023, shehena 147 zilitiliwa shaka, yaani asilimia 46.

Kwa chupa mbili za ndugu zako gharama ya kipimo hicho itazidi thamani ya asali, na mimi nisingelipa. Waulize wamenunua kwa nani, mrina asali au mchuuzi wa kituo cha basi. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko njiti ya kiberiti.

*Nina duka dogo la viungo mjini Unguja. Manjano ya unga ninayoletewa siku hizi yana rangi kali mno kuliko yale tunayosaga wenyewe. Mletaji anasema ni mbegu mpya. Nimwamini?*
Muuza viungo, Unguja

Mbegu hutofautiana kweli, lakini usimwamini mpaka ayapimishe, na kipimo chenyewe kiwe cha madini ya risasi. Huko Bangladesh wasindikaji walikuwa wakiyang'arisha manjano kwa kromati ya risasi, rangi ya njano ya viwandani, wakaitia hata kwenye mizizi mizima ili ipendeze. Inasemekana desturi hiyo ilianza miaka ya 1980, baada ya mafuriko kuyaacha manjano yakiwa meusimeusi na wanunuzi wakayakataa. Risasi huharibu akili ya mtoto bila kumtia homa hata siku moja, kwa hiyo hakuna mzazi aliyelalamika. Mwaka 2019 sampuli 47 katika kila 100 za sokoni zilikuwa na risasi. Serikali ikachapisha matangazo, ikaingia sokoni na kifaa cha mionzi kinachoshikwa mkononi kama bastola, ambacho husoma risasi kwa muda mfupi bila kuharibu bidhaa, ikatoza faini hadharani, na kufikia 2021 idadi ikawa sifuri.

Nawapa wauza viungo ushauri ambao wengi hawaupendi: nunua manjano mazima, yasage mwenyewe, na uvumilie rangi iliyopauka. Wapemba wanalijua hili kwa upande wa karafuu. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yakichanganywa na karafuu nzima huonekana kwa jicho, lakini vikishasagwa pamoja, au ikisagwa karafuu iliyokwisha kukamuliwa mafuta, anayejua ni aliyesaga tu.

*Nina watoto wawili wadogo, na kila asubuhi nawapa uji wa lishe wenye karanga. Nikizikaanga vizuri karanga, sumukuvu haifi? Na zile nilizozichambua kwa ubaya nimekuwa nikiwapa kuku. Kuna ubaya?*
Mama, Mbeya

Kukaanga hupunguza kiasi fulani tu, mama, na kuchemsha uji hakusaidii, maana moto wa jikoni huua kuvu lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa huuvumilia. Chambua kwanza, karanga zikiwa bado nzima na kavu. Ondoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa, kisha ukishakaanga na kumenya ganda jembamba chambua tena, kwa sababu baadhi ya madoa huonekana hapo tu. Kuchambua kwa mkono huondoa sehemu kubwa ya sumu kuliko kitu kingine chochote utakachofanya jikoni, kwa sababu ileile niliyomweleza mfanyabiashara wa Kibaigwa: sumu imerundikana katika punje chache.

Kuhusu kuku, acha kabisa. Sumukuvu iligunduliwa kwa ndege: mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na baada ya uchunguzi mrefu chanzo kikaonekana kuwa mashudu ya karanga yaliyokuwa katika chakula chao. Usiwape ng'ombe wala mbuzi pia, kwa kuwa sehemu ya sumu hugeuzwa mwilini na kutoka katika maziwa, ambayo wanao watayanywa pamoja na uji.

Ukinunua unga wa lishe uliokwisha kusagwa, muulize msagaji karanga zilizokataliwa na wanunuzi wake wakubwa huzipeleka wapi. Sokoni zinauzwa kwa bei ya chini, na najua kutokana na sampuli zilizopita mikononi mwangu kwamba kinu kimoja huzipokea zote, nzuri na mbaya, na unga hutoka wenye rangi moja. Kama hana jibu la kueleweka, nunua karanga nzima, na hizo utakazozitoa zifukie shimoni, mbali na banda.